Msomaji Auliza: Krismasi kwenye milima ya Mbeya

SWALI: Shikamoo, mhariri. Mume wangu ni mwenyeji wa Tukuyu, nasi tunaishi Dar es Salaam. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tunakwenda kula Krismasi ukweni pamoja na watoto wetu watatu, na nimewaahidi watoto kuwaonyesha milima na Ziwa Ngosi. Sasa ndugu wananiambia kwamba Desemba huko ni mvua na ukungu mtupu, na kwamba tutashinda ndani wiki nzima. Je, nivunje ahadi? (Mama wa watatu, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mama. Ahadi usiivunje, badili saa ya kuamka tu.

Ndugu zako hawakukudanganya. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo Krismasi hutukuta katikati ya masika yetu. Lakini mvua hiyo ina ratiba yake. Uso wa Ziwa Nyasa haufiki mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele cha Mlima Rungwe kinakaribia mita 2,960, na hewa yenye unyevu inayotoka ziwani hulazimika kuupanda mteremko huo wote, ikipoa kadiri inavyopanda, hata mvuke wake ukageuka mawingu. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa kuwa jua ndilo linaloisukuma hewa hiyo kupanda, siku nyingi mawingu huanza kujikusanya saa nne au saa tano, na mvua hushuka alasiri. Mgeni anayeamka saa tatu, akanywa chai taratibu na kutoka saa tano, hurudi akisema Rungwe hakuuona. Na kweli hakuuona.

Basi mtoke nje saa kumi na mbili asubuhi, hata kama ni kusimama uani tu na sweta. Saa hiyo vumbi lote la kiangazi limekwishaoshwa, mlima unaonekana hadi mikunjo ya misitu yake, na ukungu umelala chini mabondeni, juu ya mashamba ya chai, ukiacha vilele vya migomba vikichomoza. Mtoto apewe nafasi ya kulitazama jani moja la mgomba kwa karibu: maji hukusanyika kwenye mfereji wa katikati, yakateremka polepole hadi ncha, yakaning'inia, kisha yakadondoka. Uzuri wa namna hiyo hauupati Julai, msimu ambao watu hutuhimiza kuja kwa sababu ni mkavu.

Kuhusu Ngosi, panga siku nzima kwa ajili yake na usiongeze jambo jingine. Njia hupita katika msitu wenye mianzi na migomba mwitu, nayo mwishoni ni mkwea mkali wa utelezi, hadi ukingo wa shimo la volkano ulio kwenye mita zipatazo 2,620. Tafuteni kijana wa kuwaongoza kutoka kijijini, na kila mtu awe na fimbo. Mimi niliwahi kufika ukingoni nikakuta weupe mtupu, nikakaa juu ya koti la mvua kwa muda wa saa nzima nikisikia ndege tu. Wenzangu walikwishaanza kushuka. Ghafla ukungu ukapasuka, ziwa likaonekana chini kabisa, la kijani, limetulia, limezungukwa na kuta za msitu. Kisha baada ya dakika chache likafunikwa tena. Mpaka leo sijaona kitu kilichonigusa kuliko hicho, kwa hiyo nakusihi: mkifika na kukuta ukungu, kaeni. Msikae tu hadi mvua ya mchana iwakute kwenye mteremko.

Siku ya Krismasi yenyewe ni ya ibada na ya familia, na wakwe wasingefurahi mkikimbilia milimani. Hata hivyo, kama familia ni ya Kimoraviani, ombeni msali Rungwe, mahali ambapo wamisionari wa Kimoraviani waliweka kituo mwaka 1891, chini ya mlima wenyewe. Mbalaga ya mama mkwe, yaani ndizi za kupika, italiwa baadaye, na mvua ikinyesha mchana itawakuta mezani.

SWALI: Mama yangu ana miaka sabini na miwili na magoti yanamsumbua. Tutakuwa Mbeya mjini kwa wiki ya Krismasi. Ataona nini bila kupanda mlima? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Mpeleke kwa gari asubuhi katika barabara ya Chunya. Barabara hiyo ya lami hukwea safu ya milima ya Mbeya kupitia misitu, na kando yake kuna mahali pa kusimama ambapo nchi inakatika ghafla na Bonde la Usangu likatandazwa chini. Mchukulie kiti na blanketi, maana upepo wa pale ni wa baridi hata Desemba. Siku nyingine mfike Daraja la Mungu, ambapo Mto Kiwira unapita chini ya daraja la mwamba uliotokana na volkano. Mshike mkono vizuri, kwani mawe yaliyolowa huteleza.

SWALI: Nitapita Kitulo baada ya Krismasi. Je, naweza kuchimba okidi mbili tatu nikapande nyumbani Iringa? (Kijana mpenda maua)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ilitengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Miaka mingi viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopendwa sana huko, na kila kiazi kinachong'olewa ni ua ambalo mwakani halitakuwepo. Tena hazingekuotea, kwa sababu okidi za ardhini hutegemea kuvu walio katika udongo wa pale pale.

Nenda ukazitazame. Mwishoni mwa Desemba maua yanakuwa ndiyo kwanza yanafunguka, na uwanda huzidi kujaa rangi Januari na Februari. Usitazame kwa mbali tu. Chuchumaa, maana okidi nyingi ni ndogo na hujificha kwenye majani. Uvae gambuti, kwa kuwa nyasi za Kitulo hulowesha mguu hadi gotini hata asubuhi ambayo mvua haijanyesha.