Shangazi, moyo uko Dar lakini mfuko unanirudisha Morogoro

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Morogoro na mama na wadogo zangu wawili. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), nikapata daraja la pili. Nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa hapa nyumbani, uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji, miaka 4. Kingine ni chuo binafsi cha Dar es Salaam, utawala wa biashara, miaka 3, ada shilingi 3,400,000 kwa mwaka.*

*Mwaka jana nilikwenda kile cha Dar kwenye mahafali ya binamu yangu. Shangazi, sijawahi kuona mahali pazuri vile. Bustani imepunguzwa vizuri, maktaba ina kiyoyozi, wanafunzi wamependeza na wanaongea kwa kujiamini. Nilijiona pale. SUA naijua tangu utoto, haina jipya kwangu. Tena nikisoma hapa mama anasema nitalala nyumbani, niendelee kumsaidia vitumbua asubuhi.*

*Mjomba ameahidi kunilipia mwaka wa kwanza wa Dar. Mama hana uwezo, ila hasemi hapana, ananyamaza tu. Babu yangu wa Mgeta ndiye aliyenishauri uhandisi wa maji, maana nilipokuwa mdogo nilikuwa namfuata kwenye mifereji ya kumwagilia kabichi. Mkopo nimeomba, majibu bado. Nina siku 5 za kuthibitisha chuo. Nichague ninapopapenda au wanapotaka wao?*

*Niliye Njia Panda, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa siku zenyewe ni tano, nimeziweka kando barua nyingine zote nikaanza na yako.

Bustani, maktaba na wanafunzi wa Dar umewaeleza kwa raha, neno baada ya neno. Kulala nyumbani na kukaanga vitumbua umekuandika kwa sentensi moja, ukapita haraka. Hiyo sentensi moja ndiyo niliyoisoma mara tatu. Na kuna jambo hukuliandika kabisa: hukusema lolote kuhusu hiyo biashara unayotaka kuisomea. Mifereji ya babu umeikumbuka, mpaka na zao lililokuwa shambani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Thibitisha SUA, lakini usikubali kulala nyumbani. Hayo mawili yaende pamoja. Ukishika la kwanza ukaacha la pili, ikifika Desemba utanilaumu, na utakuwa na haki.

Watu wazima wengi watakwambia chuo ni chuo, kinachotakiwa ni cheti. Mimi sikubaliani nao. Miaka minne ya ujana ni mingi. Mahali utakapolala, mtu utakayekaa naye kwenye kimbweta saa mbili usiku mkihangaika na swali moja la hesabu, njia utakayopita ukitoka maktaba, mhadhiri anayepatikana ofisini au asiyepatikana, hayo yatakujenga au yatakubomoa. Hukukosea kuyatazama mazingira. Ila uliyatazama siku ya mahafali, siku ambayo kila chuo kimevaa nguo yake ya sikukuu. Ulimwona binamu yako akiwa na joho. Hukumwona Jumanne moja ya mwezi wa pili, akisubiri daladala kwenye mvua huku kodi ya chumba imeisha.

Nikwambie nililoliona kwa macho yangu. Miaka ya tisini nilisoma chuo kimoja chenye miti mirefu, kizuri kweli kweli. Chumba chetu kilikuwa cha watu wawili, tukalala wanne, maana tulikuwa tukibebana. Mmoja wetu alilipiwa mwaka wa kwanza na kaka yake. Mwaka wa pili kaka akaoa, mambo yakawa mengi, ahadi ikaishia hapo. Wiki mbili kabla ya mitihani majina ya wanaodaiwa ada yalibandikwa ubaoni, la kwake likiwa la tatu kutoka juu. Tangu siku hiyo hakupita tena njia kuu. Alizunguka nyuma ya ile miti, asikutane na mhasibu wala na sisi tuliosoma jina lake. Miti ile ile tuliyokuwa tukisimama chini yake kupiga picha za kupeleka nyumbani. Mwezi wa tatu alifunga begi akaondoka, na ikapita miaka kumi na miwili kabla sijamwona tena.

Ndiyo maana siwezi kukuwekea mandhari upande mmoja na gharama upande mwingine, kama vile vitu viwili vya kupimwa kwenye mizani. Mwenye deni la ada haoni bustani. Anaona ubao.

Sasa tuhesabu. Ada ya Dar kwa miaka 3 ni 10,200,000. Mjomba akitimiza ahadi yake zinabaki 6,800,000, na hapo hujala wala hujapata pa kulala. Hizo 6,800,000 zitatoka kwenye kikaango cha mama. Ada ya mwaka ya SUA haifiki nusu ya hiyo ya Dar, kwa hiyo hata ukizidisha kwa miaka 4 bado unatumia pungufu. Halafu Dar wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, kabla hujanunua hata godoro. Mama yako amekusomesha sekondari nzima bila kudaiwa ada, kwa sababu serikali iliifuta hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaifuta kidato cha tano na cha sita. Michango na sare amevijua, lakini ada ya mamilioni itakuwa mara yake ya kwanza. Huenda kule kunyamaza kwake ni hesabu anayoipiga usiku, haikubali, na hataki kukuvunja moyo.

Na mkopo? Hapa vijana wengi hujikwaa. Unathibitisha chuo kwanza, majibu ya Bodi ya Mikopo yanakuja baadaye. Mmoja anapata kila kitu, mwingine anapata bumu tu, yaani fedha ya kujikimu, mwingine anakosa. Bumu lenyewe, tangu lilipopandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Panga kama aliyekosa, ukipata iwe ahueni. Kumbuka pia kwamba ni deni: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi liishe. Kadiri unavyokopa kidogo leo ndivyo mshahara wako wa baadaye utakavyokuwa wako.

Kuhusu mjomba, usimkatalie. Mwendee kwa adabu umwambie: "Mjomba, nakushukuru sana. Ile uliyotaka kunilipia mwaka mmoja wa Dar, naomba unigawie kidogo kidogo kwa miaka minne, nilipie hosteli na ninunue kompyuta." Bweni la chuo ni nafuu kuliko chumba cha kupanga. Mjomba mwenye nia njema atafurahi kuona fedha yake inakufikisha mwisho wa safari. Na asipofurahi, afadhali ulijue hilo sasa kuliko mwaka wa pili.

Kazi, siwezi kukudanganya kwamba uhandisi ni ajira mkononi. Ukimaliza utajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha kuna mafunzo ya vitendo ya miaka 3 kabla hujawa mhandisi kamili. Njia ni ndefu. Lakini tazama ulipo. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu iko Morogoro. Skimu za mpunga za Dakawa na Mkindo ziko mkoani kwako, na mashamba ya miwa ya Mtibwa na Kilombero vilevile. Hapo fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, utaifanya bila kulipa nauli ya mbali, na wanaoajiri watakujua kwa sura kabla hujapeleka barua. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, na bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda zaidi ya mara mbili kati ya 2021/22 na 2022/23, sehemu kubwa ya nyongeza ikielekezwa kwenye umwagiliaji. Siahidi kwamba itabaki hivyo utakapohitimu. Ila mvua zikikosekana, mtu anayejua kuyafikisha maji shambani atatafutwa tu, awe ameajiriwa na serikali au amejiajiri. Utawala wa biashara ni kozi ya heshima, imewalisha wengi, na ungeniandikia kwamba usingizi hauji kwa sababu yake, ningekwambia tuitafutie chuo cha bei nafuu. Hukuniandikia hivyo.

Unasema SUA haina jipya kwako. Mwanangu, hapo naomba nikusahihishe kwa upendo. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, na Julai ya mwaka huo huo chuo kikaanza kikiwa na jina lake. Kampasi ya Mazimbu inaitwa Solomon Mahlangu, kwa sababu hapo ndipo wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipojenga shule yao mwaka 1978 kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi. Baadhi yao wamezikwa pale pale. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania, wakarudi kwao. Na humo humo SUA ndimo panya buku wanamofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na watu huja kutoka mbali kuwatazama. Wewe umekua karibu na mambo haya, nayo yamekuzoea kama ulivyoyazoea.

Lakini najua kisichokupa raha. Hata chuo kingekuwa na miti ya dhahabu, ukitoka darasani saa kumi na moja ukarudi kuosha masufuria, ukaamka saa kumi alfajiri kukaanga, chuo hutakuwa umekiishi. Utakuwa mwanafunzi wa kupita. Wenzako watakuwa na kikundi cha kujisomea usiku, wewe utakuwa umelala kwa uchovu. Uhandisi haufaulu hivyo. Mwaka wa kwanza una hesabu na fizikia za kutosha kukupa sapu mbili tatu, yaani mitihani ya kurudia, na mwenye kuchezea zaidi anaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Kutaka kutoka nyumbani ukiwa na miaka 20 si utovu wa shukrani, wala huhitaji kwenda kilomita karibu 200 hadi Dar ili utoke. Kutoka kwenu mpaka bwenini ni safari fupi ya bodaboda, lakini usiku utakuwa wako.

Fanya hivi. Kesho nenda SUA siku ya kazi, usisubiri wikiendi. Ingia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uliza vyumba vya wasichana wa mwaka wa kwanza vinaombwaje na mwisho wake lini, maana huwa havitoshi wote. Tafuta dada wawili wa kozi yako, uwaulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, taa za njiani zinawaka au haziwaki, na wao walifanya fildi wapi. Ukikuta majibu yanatisha, niandikie usiku huo huo kabla hujathibitisha chochote. Yakiwa ya kawaida, chukua ile namba ya siri uliyotumiwa, uthibitishe, usingoje siku ya tano mtandao unapozidiwa.

Linabaki la mama, na hili usimtume mtu. Usimwambie "sitaki kukaanga vitumbua", atasikia kwamba umemwonea haya, wakati vitumbua hivyo ndivyo vilivyokulea. Mwambie umechagua SUA, umwache kwanza ashushe pumzi. Kisha mwambie: "Mama, naomba nikae bweni ili nisifeli. Jumamosi alfajiri nitakuwa hapa, na likizo zote ni zako." Zile asubuhi nyingine, mdogo wako mkubwa ameshafika umri wa kuwasha jiko na kupeleka sahani. Kaa na mama jikoni jioni, wadogo wakishalala, kabla hajaloweka mchele wa kesho.