Maswali ya Wasomaji: Gari Zimejaa Mto Mara, Bei Ipande au Tufanyeje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Musoma. Ile video iliyosambaa Julai 2025, ya watalii walioshuka kwenye magari upande wa Serengeti wakajipanga ukingoni mwa Mto Mara mpaka nyumbu wakakosa pa kupita, iliniuma sana. Tangu hapo kila tukibishana kijiweni naambiwa dawa ni moja tu, kiingilio kipande ili watu wapungue. Sasa mi naona kikipanda sisi watu wa kawaida ndo wa kwanza kubaki nje. Hivi kweli hakuna namna watu wakaingia na wanyama wakaachwa kwa amani?

JIBU: Marahaba. Namna ipo, ila kwanza tuangalie msongamano uko wapi hasa. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, wageni wa siku nzima ukiwatawanya humo ndani wengi hata hawataonana. Shida ni kwamba kuanzia Julai mpaka Oktoba kila mtu anataka kusimama palepale Kogatende, kaskazini mwa hifadhi, kwenye vivuko vichache, dakika ileile nyumbu wanapoanza kushuka, na dereva mmoja akishasema kwenye redio kwamba kundi limesogea basi gari zinakuja kutoka kila upande na vumbi lake. Kwa hiyo ukihesabu watu getini hujahesabu kitu, hesabu inatakiwa ifanyike pale ukingoni.

Na nyumbu akifika ukingoni haingii tu majini. Anasimama, ananusa, wa nyuma wanasukuma, wa mbele wanarudi, saa ingine wanashinda hapo masaa halafu wanaghairi kabisa. Wanatafuta pa kushukia na pa kutokea ng'ambo. Sasa gari zikiziba pale pa kutokea, walioko majini wanageuka na kupandana, au wanaenda kutokea kwenye kingo kali ambazo hawawezi kuzipanda. Ni kweli nyumbu kufa mtoni ni mambo ya asili, watafiti waliofuatilia mizoga kwenye mto huo upande wa Kenya walipata wastani wa nyumbu 6,250 kwa mwaka, na mizoga hiyo inalisha mamba, tumbusi na samaki, kwa hiyo siwezi kusema kila mzoga ni kosa la gari. Ila mto peke yake unawatosha jamani, tusiwaongezee.

Halafu kuna duma, huyu ndo ananisikitisha zaidi maana madhara yake hayapigwi video. Duma anawinda mchana na anategemea kutoonekana, gari zikimzunguka swala wanashtuka na yeye anakosa chakula cha watoto. Utafiti uliotoka 2018 kuhusu Maasai Mara, hifadhi jirani upande wa Kenya, ulikuta kwamba kwenye maeneo yenye watalii wengi duma jike anafanikiwa kulea wastani wa mtoto 0.2 kwa uzao mmoja mpaka ajitegemee, na kwenye watalii wachache ni 2.3. Yaani kati ya uzao tano anapona mtoto mmoja! Na hakuna mtalii aliyemgusa, walikuwa wanaangalia tu.

Sasa tuje kwenye bei. Maasai Mara kuanzia 2024 mgeni wa nje analipa dola 100 Januari mpaka Juni, na dola 200 Julai mpaka Desemba. Sipingi mgeni wa nje kulipa vizuri, askari wanahitaji mishahara na barabara zinahitaji greda. Lakini aliyelipa dola 200 ndo kabisa atamwambia dereva sogea, nimetoka mbali na nimelipa hela nyingi. Watu wanapenda kutoa mfano wa gorila wa milimani, kwamba Rwanda kibali ni dola 1,500 na Uganda dola 800 na gorila wanaongezeka. Mi naona bei hapo inaleta hela tu, kinachomlinda gorila ni kwamba kundi moja linapokea wageni wasiozidi 8 kwa siku, wanakaa saa moja wanaondoka, na hawasogei karibu kwa sababu mafua yetu sisi yanaweza kumuua. Hata kibali kingekuwa bure, hiyo 8 na hiyo saa moja vingefanya kazi ileile.

Basi tufanye hivyo hivyo mtoni. Kila kivuko kiwe na idadi ya gari, ukate nafasi yako kwa masaa kabla hujatoka kempu, askari awepo pale na mstari ambao gari halivuki, na sehemu ya nafasi hizo zitengwe kwa wananchi na shule kwa kiingilio chao cha kawaida. Kanuni zenyewe wala si ngeni, Maasai Mara wana kanuni ya gari 5 kwa mnyama mmoja, na kama wengine wanasubiri unakaa dakika 10 unapisha. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuisimamia saa nne asubuhi gari ya sita inapojichomeka. Kwa hiyo wewe endelea kubishana hapo kijiweni, mi niko upande wako.

SWALI: Habari za kazi. Mi ni dereva wa watalii, Arusha. Kanuni nazijua ila mgeni akisema sogea na mi nategemea tipu yake, nifanye nini? Nikikataa analalamika kwa bosi.

JIBU: Pole kaka, najua hapo pagumu. Usisubiri mpaka mko kwa simba ndo uanze kubishana. Waambie asubuhi kabla hamjaondoka kempu, kwa upole, kwamba hatutoki nje ya barabara, hatushuki, na kwa nini. Mgeni aliyeelezwa mapema mara nyingi ndo anakuwa wa kwanza kukasirikia gari lingine linalovunja sheria. Mkifika zima injini halafu wafundishe kusoma mnyama: tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa tumemkaribia mno, duma akiacha kuangalia swala akaanza kutuangalia sisi basi tumemharibia, turudi nyuma. Na bosi wako mwombe aiweke kanuni hiyo kwenye karatasi ya buking, mgeni asaini kabla hajapanda ndege. Bosi asiyekubali hilo kosa ni lake, dereva asibebeshwe peke yake.

SWALI: Mhariri, nina likizo Agosti na nataka kuwapeleka watoto Serengeti. Ni lazima tufike huko mtoni?

JIBU: Hapana dada, na kwa watoto mi nisingeenda, ni mbali na mnaweza kukaa juani siku nzima kundi lisivuke. Bakini Seronera, katikati ya hifadhi. Simba wako mwaka mzima, chui mtawatafuta kwenye matawi ya miti ya kando ya mto, na kwenye mabwawa kuna viboko watoto watacheka mpaka basi. Ingieni geti likifunguliwa tu, na beba darubini hata ya kuazima, mkiwa nayo hamtahitaji kumsogelea mnyama yeyote.