Kabla hujasambaza habari ya mtaani, uliza barabara ya ngapi

Kwa miaka sita sasa mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga. Msomaji wa mbali huenda hajui kwamba Ngamiani barabara zetu zinakwenda kwa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zinapita ishirini. Mtu akikuambia anakaa barabara ya nane, umeshakaribia mlango wake. Namba hiyo ndiyo niliyoikosea siku moja, na kwa kosa hilo mama wa watu akaliliwa akiwa hai, na marehemu akazikwa na watu wachache.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Ujumbe ulinifikia kutoka kwa mtu ninayemwamini: bibi fulani wa Ngamiani amefariki alfajiri, maziko leo baada ya swala ya alasiri. Jina lilikuwa la bibi ninayemjua tangu utoto, aliyekuwa akituuzia vitumbua tukienda shule. Nilishtuka, machozi yakanilenga. Nikaongeza maneno ya pole, nikaandika na barabara anayokaa, nikatuma kwenye kundi letu na makundi mengine matatu. Ile barabara niliiweka mimi. Ujumbe niliopokea haukuwa nayo.

Nilipofika, kanga begani na kilo mbili za mchele mkononi, barazani palikuwa na wanawake kama kumi, wawili wanalia kwa sauti. Bibi mwenyewe amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua kunde. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaniuliza taratibu, "Na wewe umekuja msibani kwangu?" Sikuwa na jibu. Niliona vidole vyake vinatetemeka, anaokota punje ya kunde na kuirudisha palepale.

Mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam. Habari ilimfikia mapema, akaaga kazini, akapanda basi la Tanga. Simu yake ikazima chaji njiani. Walipofika Chalinze akaazima simu ya abiria wa jirani apige nyumbani kuuliza maziko ni saa ngapi hasa. Aliyepokea ni mama yake. Nimeambiwa alishuka kwenye basi, akakaa chini kando ya barabara.

Marehemu alikuwa mama mwingine mwenye jina hilohilo, barabara kadhaa mbele. Waliomfahamu wengi walikuwa kwenye nyumba isiyokuwa na msiba, na ukweli ulipojulikana jeneza lilikuwa limeshaondoka. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu huzikwa mara moja tu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayetangaza uongo kwa makusudi. Mimi sikukusudia, wala hakuna aliyenipeleka polisi. Lakini kutokukusudia kwangu hakukumsaidia yule kijana pale Chalinze.

Basi nawaambia ninachokifanya tangu siku ile, hasa nyinyi mnaosimamia makundi ya mitaa, ya misikiti, ya makanisa, ya wazazi wa shule.

Pwani yetu majina ni yaleyale. Hesabu kina Mwanahamisi, kina Fatuma, kina Asha wa barabara yako peke yake, utaishiwa vidole. Kwa hiyo taarifa ya msiba siiachi ipite mpaka iwe na jina la marehemu na la baba yake, na lile alilozoeleka nalo, maana wengine tunawajua kwa "Mama fulani" tu na jina la kadi hatulijui. Iwe na barabara, na nyumba iko karibu na nini. Iseme maziko ni baada ya swala gani, makaburi yapi. Mwisho, nani wa familia aliyethibitisha, na mtu huyo nimempigia mwenyewe. Dakika tano zinatosha. Wapo walioninunia kwa kuwachelewesha, nikawaambia wasubiri.

Na hili si jambo nililolibuni. Msikitini kwetu hawatangazi msiba kwenye kipaza sauti mpaka mtu wa familia aje mwenyewe aseme. Kwenye kijiwe cha kahawa, wazee hawapokei habari hivihivi. Utaulizwa: umesikia kwa nani? Wa ukoo gani huyo? Mwenzako alikuwepo? Zamani nilidhani ni udadisi wa watu waliomaliza kazi. Sasa naona walikuwa wanachuja habari kabla haijavuka barabara, na sisi wa simu tumeuchukua mdomo wa kijiwe tukaliacha chujio lake.

Jambo la pili ni tarehe. Habari isiyo na tarehe haizeeki. Kuna binti hapa kwetu alipotea akiwa mdogo, akapatikana jioni ileile kwa shangazi yake. Picha yake ikaendelea kuzunguka, "amepotea tangu jana, tusaidiane", mwezi hadi mwezi. Mwaka uliofuata bado alikuwa akishikwa mkono njiani akienda shule na watu wenye nia njema kabisa, wanamuuliza kwao ni wapi. Mama yake aliniambia mtoto amefika mahali pa kukataa kutoka nje peke yake. Siku hizi tangazo la mtoto lazima liandikwe siku, tarehe na saa aliyoonekana mara ya mwisho, na akipatikana nafuta picha, naandika "AMEPATIKANA", kisha namwomba kila aliyeipeleka kwingine aende akaandike vivyo hivyo. Fanyeni hivyo pia kwa maombi ya damu ya mgonjwa aliyelazwa. Watu huacha shughuli zao wakaenda hospitali ya Bombo kwa ujumbe wa miezi minne iliyopita, na safari ya pili hawaendi tena.

Habari kubwa za Tanga hazinipi shida sana, kwa sababu zina wenyewe. Bandari imechimbwa lango lake kutoka kina cha mita 3 hadi 13, magazeti yameandika. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia Chongoleani, hapa Tanga. Dunia nzima inajua. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani, yaani ilikopa kwa umma, ya shilingi bilioni 53.12, ikatangazwa mpaka soko la hisa Dar es Salaam. Kazi yetu mtaani ni kuzishusha habari hizo zifike jikoni. Mama mwenye ndoo tatu hataki hesabu za hatifungani, anataka kujua bomba jipya la maji litapita barabara yake au la, na lini. Hilo halimo gazetini. Linapatikana kwenye mkutano wa mtaa, kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, au kwa kumuuliza diwani uso kwa uso. Mimi hupita kwenye ule ubao kila Jumatatu nikienda sokoni, napiga picha kila karatasi yenye mhuri, nazituma kama zilivyo bila kuongeza neno. Katika kazi zote ninazozifanya kwenye kundi, hiyo ndiyo watu wanayonishukuru zaidi. Msisubiri gari la matangazo, likipita upo kazini hulisikii.

Kuhusu viwanja, nitasema kwa kifupi. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta lilipowekwa Chongoleani Agosti 2017, ujumbe wa viwanja vya bei nafuu huko unanifikia kila baada ya muda, "wahi kabla hazijapanda". Siusambazi hata mmoja. Anayeuliza namwambia afike kwanza ofisi ya mtaa wa huko, kisha idara ya ardhi ya jiji, na akanyage kiwanja kwa mguu wake kabla ya kutoa hata shilingi.

Na ukikosea? Utakosea, kwa sababu unahudumia watu wengi na habari zinakuja moto. Usifute ujumbe kimyakimya ukadhani yamekwisha. Aliyekwisha kuusoma, hata akiona umefuta, hatajua kosa lilikuwa lipi, atabaki na alichosoma. Andika palepale ulipokosea, kwenye kila kundi ulilotuma, useme kosa ni lipi na ukweli ni upi, na useme ni wewe. Mimi niliongeza na sauti, kwa kuwa wazee wengi kwenye kundi letu husikiliza kuliko kusoma. Kisha nenda kwa miguu. Kwa bibi yule nilirudi jioni ileile, nikakaa naye mkekani mpaka mwanawe alipofika, kwa sababu aliamua kuja hivyohivyo. Alimshika mama yake mabegani kwa muda mrefu, hakunitazama. Sikumlaumu.

Kwa wafiwa nilikwenda siku ya tatu, kwenye hitima. Niliogopa kuingia. Nikamwita binti mkubwa wa marehemu pembeni, nikamweleza kila kitu, kwamba ile barabara niliiandika mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na daftari la rambirambi, akalifungua ukurasa wa siku ya maziko. Palikuwa na majina kumi na saba. Akanipa kalamu, akanionesha mstari ulio wazi chini yake, akasema, "Andika lako, na uwaambie na wenzako waje."

Nikaandika. Jioni nikawaambia. Kesho yake walikuja, nyumba ikajaa mpaka uani, na daftari likageuzwa ukurasa.