Kupasuliwa au kujinyima: niliyoyaona kwangu na kwa dada yangu

Ndugu uliyeuliza, umesema mama yako ana miaka 54, kilo 112 na kisukari cha aina ya pili, na kwamba familia inataka kuchanga fedha aende India akapunguzwe tumbo, kwa kuwa mmeambiwa upasuaji huo hurekebisha umetaboli (jinsi mwili unavyotumia chakula na sukari) papo hapo, hata kabla uzito haujashuka, jambo ambalo kupunguza chakula peke yake hakuliwezi. Mimi si daktari. Nauza nyavu, kamba na maboya hapa Kirumba, Mwanza. Ila mimi na dada yangu mkubwa tumetoka tumbo moja, tukaugua ugonjwa mmoja, tukashika njia mbili, na tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kupata, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona na ninachokielewa.

Mimi niligunduliwa mwaka 2020 nikiwa na kilo 104 na sukari ya 13.8 (kwa kipimo cha mmol/L) asubuhi kabla ya kula. Dada alikuwa nao tangu 2010, amefika kilo 121 na anajichoma insulini mara mbili kwa siku. Mwaka 2022 yeye alikwenda India, wakamkata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, likabaki mrija mwembamba. Mwaka huohuo mimi nilianza kujinyima.

Siku ya tano baada ya upasuaji alitupigia simu akilia kwa furaha, kwamba sukari imeshuka hadi 7 na insulini imepunguzwa zaidi ya nusu. Sote tukasema kisu kimefanya muujiza. Lakini baadaye nilimuuliza siku hizo tano alikula nini, akajibu kwamba ni maji ya kunywa kwa vijiko na supu nyepesi. Nami, kwa ugali wa muhogo wa ukubwa wa ngumi mara moja kwa siku, sato wa kuchemsha na mboga, wiki ya pili tu nilikuwa nimeamka na 6.4, bila kulazwa popote.

Jambo hilo lilikwisha kuonekana Newcastle, Uingereza, ambako mwaka 2011 Profesa Roy Taylor na wenzake waliwapa watu 11 wenye kisukari mlo wa takriban kilokalori 600 kwa siku kwa wiki nane, na ndani ya siku saba sukari ya asubuhi ikarudi katika hali ya kawaida. Sababu iko kwenye ini. Ini lililojaa mafuta halisikii tena amri ya insulini, hivyo huendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha, ndiyo maana mtu analala na njaa na bado anaamka na sukari ya juu. Chakula kinapopungua ghafla, mafuta ya ini ni miongoni mwa ya kwanza kuchomwa, na ini hurudi kusikia. Mafuta yaliyojibana kwenye kongosho hutoka polepole zaidi, nalo kongosho, kama halijachoka sana, huanza tena kutoa insulini inavyotakiwa.

Swali lako hasa lilijibiwa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani. Walichukua watu 22 wenye kisukari, nusu wakafanyiwa upasuaji wa kukiunganisha kijifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na sehemu ya katikati ya utumbo mwembamba, nusu wakapunguza uzito kwa mlo peke yake, na wote wakapimwa walipokuwa wamepoteza karibu asilimia 18 ya uzito. Usikivu wa ini, misuli na mafuta kwa insulini ulikuwa umeboreka kwa kiasi kinacholingana katika makundi yote mawili, na kongosho vilevile. Kwa maneno mengine, aliyewaambia kwamba upasuaji una nguvu ya pekee ya kuondoa sukari hakuwaeleza sawasawa, kwa maana kinachoitibu ni uzito uliopotea.

Sasa utaniuliza kwa nini basi mtu akatwe. Hapo ndipo penye uzito wa jambo, na hapo ndipo nilipoumia mimi.

Kupungua nilipungua. Nilifika kilo 87 kwa miezi saba, sukari ya miezi mitatu (kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi mitatu, husomwa kwa asilimia) ikasoma 5.9, dawa zote nikaacha kwa ruhusa ya daktari. Kisha chakula kilekile kilichokuwa kikinipunguza kikaacha kunipunguza. Sehemu ya jambo hilo ni ya kawaida, kwa kuwa mwili mdogo huhitaji kidogo, kama mtumbwi mdogo unavyokunywa mafuta kidogo kuliko mkubwa. Lakini kuna ubahili unaozidi hapo. Mwili unapoona akiba inapungua hufanya kama mama mwenye nyumba katika mwaka wa ukame, anayetazama ghala na kuanza kupima unga kwa kikombe: homoni ya leptini, inayotolewa na mafuta ya mwili, hushuka, ile ya tezi ya shingoni iitwayo dundumio hupungua nguvu, na misuli hufanya kazi ileile kwa nishati ndogo zaidi. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall wa Marekani na wenzake waliwapima watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, na miaka sita baada ya shindano miili yao ilikuwa inachoma takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ile iliyotarajiwa kwa umbo lao. (Hao walifanya mazoezi ya kupindukia, sitaki kukutisha bure.)

Juu ya ubahili huo inakuja njaa. Nilikuwa nikifunga duka saa kumi na mbili, na kuanzia pale hadi nyumbani kila kikaango cha sato kilikuwa kinaniita kwa jina. Niliota michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya karanga usiku, mimi mtu mzima. Dada, ambaye kwa wakati huo alikuwa amepoteza kilo nyingi kuliko mimi, alikuwa anakumbushwa kula. Hiyo ndiyo tofauti ambayo kisu huleta kwa kweli. Sehemu ya tumbo inayokatwa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, na chakula kinapowahi kufika kwenye utumbo mwembamba hupandisha homoni nyingine, GLP-1, inayouambia ubongo kwamba imetosha na kuliamsha kongosho. Mwili wake nao unajibana, lakini haumpigii kelele kama unavyonipigia mimi.

Matokeo ya miaka yanaonyesha hivyo. Katika utafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic uliohusisha watu 150, miaka mitano baadaye asilimia 29 ya waliounganishwa utumbo na 23 ya waliokatwa tumbo kama dada walikuwa na sukari ya miezi mitatu isiyozidi 6.0, wakati waliotibiwa kwa dawa na ushauri tu walikuwa asilimia 5. Kwa upande wa mlo, utafiti wa Scotland na Tyneside (eneo la Newcastle) uliotolewa mwaka 2017 uliwapa watu kilokalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 hawakuwa tena na kisukari wala dawa zake. Mwaka wa pili wakabaki 36, kwa sababu uzito ulianza kurudi. Mimi mwenyewe kilo sita zimerudi, sukari ya asubuhi ikapanda hadi 7.2, na nikalazimika kuanza upya.

Angalia pia kwamba utafiti huo wa mlo haukupokea mtu aliyeugua zaidi ya miaka sita wala anayetumia insulini. Dada amefika kilo 84, mwembamba kuliko mimi, lakini hadi leo anameza vidonge vya sukari vya metformin, kwa kuwa kongosho lililochoka kwa miaka kumi na mbili halikuamka lote. Insulini aliacha, na hilo si dogo, ila msimwahidi mama kwamba atapona kabisa.

Jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili ni hili la dawa. Nilipoanza kujinyima nilikuwa nameza glibenclamide asubuhi na jioni, na kliniki niliyokuwa nikihudhuria iliniambia niendelee na dawa kama kawaida. Dawa hiyo hulikamua kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Siku ya tisa nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, nabishana bei na mama mmoja muuza samaki, nikaona namba za fedha mkononi mwangu hazisomeki. Jasho lilinitoka hadi kwenye viganja, magoti yakalegea, na nikawa namkasirikia yule mama bila sababu. Aliniangalia tu, akasema, “Baba, wewe una sukari,” akanikalisha juu ya kreti, akafungua soda na kunishikia chupa kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mashine ya kidole, nilipoweza kuitumia baada ya soda kuisha nusu, ilisoma 2.9. Ingekuwa ndani ya mtumbwi nisingekuwa naandika haya. Mume wake, aliniambia, naye ni mgonjwa, ndiyo maana alinitambua.

Kwa hiyo, iwe mama atakatwa au atajinyima, dozi ya insulini na vidonge vya aina hiyo ijadiliwe na daktari kabla ya siku ya kwanza, na apime kila siku. Metformin peke yake haina kawaida ya kushusha sukari kupita kiasi. Vidonge vya kutoa sukari kwa njia ya mkojo navyo vina hatari yake mtu anapokula kidogo mno, kwani asidi inaweza kupanda kwenye damu hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Mkiamua upasuaji, hesabuni na gharama za baadaye. Dada anameza vitamini, chuma na kalsiamu kila siku na kupimwa damu kila mwaka, na huo ni mkataba wa maisha. Ganzi ya miguu aliyodhani ni ya kisukari ilipungua alipochomwa sindano za vitamini B12, ambayo hushushwa na upasuaji na pia na metformin. Mkifuata njia ya mlo, dagaa na samaki wa ziwa letu wasipunguzwe sana, maana protini ikikosekana misuli huyeyuka, na misuli ikiyeyuka mwili hupunguza zaidi uchomaji wake. Wanaosema ugali wa mtama au wa muhogo haupandishi sukari wanajidanganya; kinachopimwa ni ukubwa wa tonge.

Hukueleza mama ameugua kwa miaka mingapi, wala anatumia dawa gani. Niandikie hayo mawili, na kama yumo ndani ya miaka sita na hajaanza insulini, ningemshauri ajaribu miezi minne ya mlo chini ya daktari kabla ya kuuza ng’ombe wowote.