Maswali ya Wasomaji: Tunapogombana kwa Sababu ya Kiongozi Mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, mazungumzo ya familia yetu yameharibika. Kaka yangu ni mkereketwa wa mwanasiasa anayedai kwamba yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi wa kawaida, na kwamba majaji, waandishi wa habari na vyama vya zamani vyote ni genge moja la wakubwa. Mimi niko upande wa pili. Kila tukikutana humwambia kwamba Hitler naye alianza hivi hivi, naye hunijibu kwamba hakuna mtetezi wa wanyonge ambaye hakutukanwa na wenye nguvu wa zama zake. Mama amechoka, amepiga marufuku siasa tukiwa mbele yake. Je, historia inamuunga mkono nani kati yetu?
Msomaji aliyeomba jina lihifadhiwe

JIBU: Ndugu msomaji, kwa namna mnavyoitumia sasa, historia haimuungi mkono yeyote kati yenu, ingawa nitasema mapema kwamba hofu yako naiona ina msingi kuliko utulivu wa kaka yako.

Unapomtaja Hitler, unamwita kaka yako ajibu kuhusu vita kuu na mauaji ya mamilioni ya Wayahudi, mambo ambayo kiongozi wake hajayafanya, na hapo hapo umeshindwa, kwa sababu tofauti kati ya watu hao wawili yaonekana hata kwa mtoto. Sehemu ya historia ya Ujerumani inayouhusu ubishi wenu ni fupi na haina vifaru ndani yake. Ni ile miezi michache kuanzia mwishoni mwa 1932 hadi katikati ya 1933, na ningependa nyote wawili muisome kwa utulivu.

Chama cha Hitler kilipata asilimia 37 ya kura katika uchaguzi wa Julai 1932, na katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo huo kikashuka hadi asilimia 33. Hakikuwahi kupata nusu ya kura katika uchaguzi uliokuwa huru. Aliyemwingiza madarakani tarehe 30 Januari 1933 alikuwa Rais Paul von Hindenburg, akishawishiwa na wahafidhina kama Franz von Papen, ambao waliamini kwamba wakimzungushia mawaziri wao watamwendesha wapendavyo. Na kweli baraza hilo la kwanza lilikuwa na Wanazi watatu tu, Hitler mwenyewe akiwamo. Jengo la Bunge lilipoteketea kwa moto usiku wa tarehe 27 Februari, kesho yake rais alitia saini amri ya kusimamisha uhuru wa kusema, wa kukusanyika na wa magazeti. Tarehe 23 Machi wabunge waliletewa muswada wa kuiruhusu serikali itunge sheria bila wao.

Kwa kuwa ukumbi wao ulikuwa umeungua, walikutana katika jumba la opera. Wanamgambo wa chama tawala, wamevaa sare, walijipanga nje na ndani ya ukumbi, na viti vya wabunge wa Kikomunisti vilikuwa vitupu kwa sababu wenyewe walikuwa wamekamatwa au wamekimbia. Mbele ya watu hao alisimama Otto Wels, kiongozi wa SPD, chama cha Wasoshalisti wa kidemokrasia, akasema kwamba uhuru wao na uhai wao vinaweza kuchukuliwa, lakini heshima yao haitachukuliwa. Kura 94 za chama chake ndizo pekee zilizopinga. Kura 444 ziliunga mkono, zikiwamo za chama cha Wakatoliki cha Zentrum, ambacho kilikubali kwa kutegemea ahadi alizotoa Hitler. Mwanzoni mwa Julai, chama hicho nacho kikajivunja.

Nimekaa sana hapo kwa sababu masimulizi haya hayahitaji mfanano wowote wa sura, sauti au itikadi. Yanahusu hatua zinazoweza kutajwa moja moja: nani ameondolewa uwezo wa kusema hapana, kwa sheria ipi, kwa kisingizio gani, na nani aliyepiga kura ya ndiyo akidhani kwamba yeye ataachwa. Muulize kaka yako kuhusu hatua iliyochukuliwa na kiongozi wake, hatua moja tu, uitaje kwa tarehe, kisha umwombe aseme kama angeikubali ingechukuliwa na mwanasiasa anayemchukia kuliko wote. Akisema angeikubali, mwamini, kisha mwende kwenye hatua nyingine. Nawe uwe tayari kuulizwa hivyo hivyo kuhusu viongozi wa upande wako.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu na majina makubwa. Miaka ya mwisho kabla ya 1933, Wakomunisti wa Ujerumani, wakifuata msimamo wa Moscow, waliwaita wenzao wa SPD mafashisti wa aina nyingine, na kuwahesabu kuwa maadui wakubwa. Matokeo yake, vyama viwili vilivyokuwa na wafanyakazi wengi kuliko vyote havikuweza kusimama pamoja, na neno lenyewe, "fashisti", lilikuwa limekwisha makali ulipofika wakati wa kulihitaji.

Kaka yako naye ana la kujibu. Kutukanwa na wakubwa hakuthibitishi kwamba mtu anawatetea wanyonge, kwa sababu wakubwa hutukana pia wale wanaotaka tu kuchukua nafasi yao. Zaidi ya hayo, mara nyingi wanaomzuia kiongozi wa namna hii ni watu wa karibu naye kifikra, wasioweza kuitwa maadui wa wafuasi wake. Ubelgiji, mwaka 1936, chama cha Rex cha Léon Degrelle kilipata viti 21 bungeni kwa kelele dhidi ya mabenki na wanasiasa mafisadi. Mwaka uliofuata Degrelle alilazimisha uchaguzi mdogo mjini Brussels, akitumaini kuiangusha serikali. Wakatoliki, Waliberali na Wasoshalisti wakamuunga mkono mgombea mmoja, Waziri Mkuu Paul van Zeeland, na hata Wakomunisti hawakusimamisha mtu wao. Askofu mkuu wa Kikatoliki naye akawaonya waumini, jambo lililomuumiza sana Degrelle, kwa kuwa vuguvugu lake lilizaliwa ndani ya Ukatoliki. Van Zeeland alipata zaidi ya robo tatu ya kura.

Finland nako, vuguvugu la Lapua, la mrengo wa kulia lililowapinga Wakomunisti, lilikuwa limefika mahali pa kumteka nyara rais mstaafu K. J. Ståhlberg mwaka 1930. Watu wa vuguvugu hilo walimsaidia mhafidhina P. E. Svinhufvud kuupata urais mwaka 1931, wakidhani ni mtu wao. Walipokusanyika na silaha huko Mäntsälä mwishoni mwa Februari 1932 wakitaka serikali ijiuzulu, Svinhufvud aliwahutubia kwa redio, akawataka warudi majumbani, akaahidi kwamba wasio viongozi hawataadhibiwa. Walirudi. Kisha vuguvugu lenyewe likapigwa marufuku kwa sheria ile ile ambayo lilikuwa limeshinikiza itungwe dhidi ya Wakomunisti.

Ndiyo maana nasema kwamba ubishi wenu, wa wewe kumshinda kaka yako, una uzito mdogo kuliko jambo hili: siku kiongozi wake atakapovuka mpaka, je, watu wa upande wake watamwambia basi? Kaka yako ana nguvu hapo ambayo wewe huna. Ukimtukana leo, unamwondolea njia ya kuitumia kesho.

SWALI: Wenzangu katika chama hunicheka ninaposema kwamba wafuasi wa kiongozi huyu wana malalamiko ya kweli. Wao husema ni wajinga waliodanganywa. Je, mimi ndiye ninayejidanganya?

JIBU: Hujidanganyi, na wenzako wanafanya kosa ambalo limewagharimu watu wengi kabla yao.

Tarehe 17 Oktoba 1945, wafanyakazi kutoka vitongoji vya Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, waliingia katikati ya jiji kudai kuachiwa kwa Kanali Juan Perón, aliyekuwa ameondolewa serikalini na kuwekwa kizuizini. Picha moja ya siku hiyo inawaonyesha wakiwa wameketi ukingoni mwa chemchemi ya uwanja mkuu, wamezamisha miguu majini. Kwa watu wa tabaka la juu, picha hiyo ilikuwa aibu kwa jiji, na mwaka 1947 mbunge mmoja wa upinzani aliwafananisha wapiga kura wa Perón na gharika la wanyama. Watu hao hawakuwa wamesahau kitu. Perón, alipokuwa mkuu wa masuala ya kazi, ndiye aliyewapatia likizo yenye malipo (mshahara wa mwezi wa 13 ukafuata kwa amri ya Desemba 1945), na waajiri waliokuwa wakiwapuuza wakalazimika kuketi nao mezani. Alipokuwa rais, wanawake walipata haki ya kupiga kura mwaka 1947. Ukimwambia mtu aliyepata hayo kwamba amedanganywa, atakuona wewe ndiye mwongo, naye atakuwa na haki.

Serikali hiyo hiyo iliwashtaki majaji wa Mahakama ya Juu bungeni na kuwaondoa karibu wote, ikabadili katiba mwaka 1949 ili rais aweze kuchaguliwa tena mfululizo, na mwaka 1951 ikalinyang'anya gazeti la La Prensa kutoka kwa wenyewe na kulikabidhi kwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Familia za Argentina zimebishana kwa vizazi kadhaa juu ya mtu huyu, kila upande ukiwa na ukweli mkononi na ukikataa kuutazama wa mwenzake. Mtu mzima anapaswa kuweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja, kwamba mishahara ilikuwa halali na kwamba unyang'anyi wa gazeti ulikuwa dhuluma, bila kutumia la kwanza kulifunika la pili.

Wala si kila vuguvugu la namna hii huishia kwa mtu mmoja. Chama cha Umma cha Marekani, kilichoanzishwa na wakulima wenye madeni na kuingia katika uchaguzi wa rais mwaka 1892, kilidai kodi ya mapato na maseneta wachaguliwe moja kwa moja na wananchi. Walichekwa kama wakulima wasiojua uchumi. Chama kilikufa, lakini kufikia 1913 madai hayo mawili yalikuwa yameingia katika katiba ya nchi, yakipitishwa na vyama vilevile vya zamani vilivyoyadharau. Wenzako wakiyachukua malalamiko hayo kwa dhati, kiongozi mnayemwogopa atabaki na maneno machache ya kusema.

SWALI: Kiongozi akivunja kanuni za mchezo, je, sisi wapinzani tuna haki ya kuzivunja ili kumwondoa? Ndani ya chama chetu wapo wanaosema tususie uchaguzi ujao, na wengine wanatamani wanajeshi waingilie kati.

JIBU: Hapana. Nalijibu swali hili bila kusita, kwa sababu mifano ni mingi na yote inaelekea upande mmoja.

Turudi Argentina. Juni 1955 ndege za kijeshi zilidondosha mabomu katikati ya Buenos Aires zikijaribu kumuua Perón, zikaua zaidi ya watu 300, wengi wao wapita njia. Septemba mwaka huo jeshi lilimpindua. Mwaka 1956 watawala wapya walitoa amri iliyofanya hata kulitaja jina lake, kuonyesha picha yake au kuimba wimbo wa chama chake kuwa kosa la jinai, na magazeti yakalazimika kumtaja kwa kumzunguka. Chama chake kilizuiwa kushindana kwa jina lake kwa takriban miaka 18. Aliporuhusiwa kugombea tena mwaka 1973, alishinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Marufuku hayo yalimfanya kila mfanyakazi aliyenyamazishwa aone kwamba Perón alisema kweli kuhusu wakubwa, na kizazi ambacho hakikuwahi kuona makosa ya utawala wake kilikua kikimpenda.

Venezuela iko karibu zaidi na swali lako. Aprili 2002, Hugo Chávez, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1998, aliondolewa kwa nguvu, na kiongozi wa shirikisho la wafanyabiashara, Pedro Carmona, akaapishwa. Watu hawa walikuwa wamemshutumu Chávez kwa kuzidharau taasisi za nchi. Siku ya kwanza tu, kwa amri moja, walilivunja Bunge na kuwafukuza majaji wa mahakama kuu. Hata miongoni mwa wanajeshi waliomwondoa Chávez wapo waliogeuka baada ya kusikia amri hiyo, na baada ya takriban siku mbili alikuwa amerudi ikulu, safari hii akiwa na hoja ambayo hakuna hotuba ya upinzani iliyoweza kuifuta: kwamba wanaojiita walinzi wa demokrasia walipoipata waliiua.

Mwaka 2004 wapinzani walitumia njia ya kikatiba, kura ya maoni ya kumwondoa, wakashindwa kwa kupata takriban asilimia 40. Kushindwa huko kuliwakatisha tamaa, na Desemba 2005 vyama vikuu vya upinzani vikajitoa katika uchaguzi wa wabunge, vikisema kwamba haviiamini tume ya uchaguzi. Huenda malalamiko yao yalikuwa na msingi. Hata hivyo, viti vyote 167 vilikwenda kwa wafuasi wa serikali, na Januari 2007 Bunge hilo lilimpa Chávez mamlaka ya kutunga sheria kwa amri kwa miezi 18, bila mbunge hata mmoja wa vyama vilivyojitoa kuwamo ukumbini kuuliza swali. Mjadala wa kususia utakapoanza katika kikao chenu, waombe wanaoutetea waeleze muswada wa kwanza utakaoletwa baada ya uchaguzi utasomwa na nani, na nani atapiga kura ya hapana.