Kile kidude cha kwenye picha

Mdogo wangu, kwenye kundi la familia umeuliza mambo mawili: kile kidude chenye mrija karibu na usukani wangu ni nini, na kwa nini hela ya bati za nyumba ya Isevya imepungua. Jibu ni moja.

Kile ni kipima pombe, kimeungwa kwenye stata. Kabla ya kuwasha gari napuliza. Kikinusa pombe, haliwaki ng'o. Nimefungiwa kidude hiki kwa amri ya mahakama. Na sikunywa "mbili tu". Nilitoka harusini nimelewa, nimeipita ile asilimia 0.08 ya sheria, nikashika usukani. Hapa New Mexico, Marekani, tangu 2005, hata kosa la kwanza linakuletea mashine hii, na mimi natumikia mwaka mzima.

Kuikodi na kuipeleka ikakaguliwe ni juu yangu, karibu dola 80 kwa mwezi. Piga hesabu ni bati ngapi. Hapo faini, wakili na bima iliyopanda sijakugusia.

Fedha ni nafuu kuliko aibu. Juzi nilimpa lifti mama mmoja wa kanisani. Katikati ya safari kikaanza kulia, maana kinataka upulize tena njiani, usije ukawasha gari hujanywa kisha ukanywa huku unaendesha. Nikaegesha, nikapuliza, mashavu yamenituna. Mama wa watu akaangalia dirishani mpaka kwake. Asubuhi nyingine kilinikatalia kwa dawa tu ya kusukutua mdomo, kumbe ina spiriti. Nikasukutua kwa maji, nikangoja, kikakubali. Lakini kule kukataa kimeshakuandika.

Wale wa kijiweni wanaosema nimpe mtoto apulize, waambie kuna kamera inanitazama usoni. Wala hakina masikio ya "afande, tuelewane".

Nakichukia, lakini sikilaumu. Unamkumbuka yule jirani wa bodaboda, alivyokuwa akitoka kwenye pombe ya wanzuki anatafuta tundu la ufunguo kwa kidole? Sisi tukimshikia taa, tukicheka, kisha tunamsukuma aende zake Ng'ambo usiku ule. Naikumbuka ile taa kila nikipuliza.

Bati nitamalizia kikishafunguliwa. Mama akiuliza, mwambie zinakuja. Haya mengine nitamweleza mwenyewe nikipiga Jumapili.