Shimesikio Haivaliwi Kama Hirizi

Wiki iliyopita nilimkuta mwalimu mgeni wa darasa la awali amezifungia kabatini shimesikio za mtoto, yaani vifaa vyake vya kumsaidia kusikia, ati zisipotee, na mtoto mwenyewe yuko mkekani akikodolea midomo ya wenzake wanaoimba. Sikumgombeza, kwa kuwa mimi nilifanya baya zaidi. Namwachia haya tu:

1. Kila asubuhi, kabla ya mahudhurio, simama nyuma ya mtoto umtamkie sauti sita za Ling, za kupimia kama anasikia, yaani a, i, u, m, s na sh, naye atumbukize kizibo cha soda koponi kila anaposikia.

2. Betri. Hizi zinatumia hewa: ukibandua kibandiko zimeanza kazi, na kukirudisha hakuzizuii. Mimi sikulijua hilo. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja aliniletea pakiti ya betri sita, zenye vibandiko vya bluu, alizozinunua kwa fedha za kuungaunga. Nami, kwa kiherehere cha kutaka kila kitu kiwe tayari, nilibandua vyote sita siku hiyohiyo nikazipanga katika boksi la chaki. Jozi ya kwanza ilifanya kazi, zilizobaki zikafia boksini. Mtoto aliendelea kuvaa vifaa vyake kila siku, vimefutwa vikang'aa, wala hasikii kitu. Nilipomwita hakugeuka, nikamwona mkaidi, nikamhamishia nyuma (mbali zaidi na sauti yangu, jamani!), na katika ripoti nikaandika: "Hafuati maelekezo." Aliyenizindua ni bibi yake, aliyekuja kumchukua, akakifumbata kifaa kiganjani, akatega sikio, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona hiki hakilii?" Shimesikio iliyo hai ukiifumbata hupiga mluzi; bibi alilijua hilo, mwenye cheti hakulijua. Kesho yake, betri mpya zikiwamo, nilimwita kwa jina, akageuka, akanitazama kitambo, akarudi kwenye kuchora kwake. Ripoti ilikuwa imeshagongwa muhuri.

3. Mvua ikipiga bati, kifaa hukuza kishindo kile pamoja na sauti yako, basi ahirisha hadithi, toa kadi za picha, mkae karibu; na usisimame mgongo dirishani, kwani hatauona mdomo wako.

4. Betri iliyokwisha mkabidhi mzazi mkononi, kwa maana watoto humeza. Mmoja wangu aliisukuma puani, tukashinda zahanati.

Mwenye kabati asiutafute ufunguo, ninao mimi.